Mwanangu, bajeti yako ya mawimbi nimeisoma

Kisumu, Jumapili jioni

Mwanangu,

Huku hatujambo. Baba yako mzima, anakusalimu. Mvua imetunyeshea wiki nzima na njia ya kwenda Dunga imekuwa tope tupu. Ile bajeti yako ya kwenda Bali kujifunza kuteleza mawimbini niliipata kwenye simu, nikamtuma mdogo wako akaichapishe kwenye karatasi kwa sababu macho yangu na simu havipatani siku hizi. Nimeisoma na kalamu nyekundu mkononi, kama ninavyosoma hesabu za chama chetu cha kuchangiana kwa zamu. Usikasirike.

Kwanza, sikukatazi. Shangazi yako amepiga simu anataka nikukataze, anauliza mtoto aliyezaliwa kando ya ziwa anaenda kutafuta maji gani tena ng'ambo. Mimi nimemwambia pesa ni ya jasho lako na hudaiwi na mtu, kwa hiyo utaenda. Ninachobishia ni mahali ulipopachagua na vile umezigawa hizo pesa.

Umeandika nauli. Umeandika hoteli. Umeandika "kununua ubao", ukaandika zawadi za nyumbani (asante), halafu chini kabisa, kwa herufi ndogo, "mwalimu, kama pesa itabaki". Hapo ndipo kalamu ilitoboa karatasi. Wewe hujawahi kusimama juu ya wimbi hata siku moja. Ubao wako mwenyewe utaufanyia nini? Ndege itautoza, ukirudi Nakuru utauegemeza ukutani, na kwa vyovyote anayeanza hatakiwi kuwa na ubao mfupi wa kupendeza kama ule wa kwenye picha. Anapewa ubao mpana wa sponji, wa futi 8 au 9, unaoelea vizuri na usiompasua kichwa ukimrudia. Huo unakodishwa. Ufute kwenye orodha, na pesa yake yote ipandishe juu kwa mwalimu.

Sasa Bali. Zile picha za Uluwatu nilimwonyesha baba yako. Akavaa miwani, akaziangalia, akasema maji hayo yanavunjikia juu ya mwamba. Nikaenda kusoma na nikakuta ni kweli: chini ni matumbawe, na wanaoteleza pale ni watu waliokomaa. Sisemi Bali yote ni hivyo, ufuo unaoitwa Kuta una mchanga na wanaoanza wako wengi. Lakini kutoka Nairobi ni kubadilisha ndege, na nauli itakula sehemu kubwa ya akiba yako kabla hujalowesha mguu.

Nenda Muizenberg, Cape Town. Nimepatafuta kwa sababu tatu, na ya kwanza ni karatasi. Tangu Januari 1, 2023, Mkenya mwenye pasipoti ya kawaida anaingia Afrika Kusini bila viza, hadi siku 90 kwa mwaka. Hiyo peke yake imekuondolea ada na foleni. Pasipoti iombe mapema kwenye eCitizen, ile tovuti ya serikali. Ile ya kurasa 34 ni shilingi 7,500 siku hizi. Chanjo ya homa ya manjano usiiache wiki ya mwisho, maana cheti kinaanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano, na ukitoka Kenya watakiulizia. Uzuri wake ni kwamba ukichanjwa mara moja kinakutosha maisha. Pia uwe na tikiti ya kurudi na kitu cha kuonyesha kwamba una pesa ya kukaa. Chapisha vyote kwenye karatasi. Simu huzima chaji palepale mbele ya afisa.

Sababu ya pili ni maji yenyewe, na hapa namsikiliza baba yako. Anasema usijidanganye eti umekulia majini. Mawimbi ya ziwa letu yanazaliwa na upepo wa hapohapo, yanakuja mafupi yamefuatana, mtumbwi haupati nafasi ya kupumua, na upepo ukilala nayo yanalala. Yale ya Cape yanatengenezwa na dhoruba za bahari ya kusini, mbali sana na nchi kavu, na yakifika yamejipanga, moja likipita unaweza kungoja sekunde 10 na zaidi kabla ya lingine. Muizenberg iko ndani ya ghuba ya False Bay. Chini ni mchanga, na ufuo unashuka polepole, kwa hiyo wimbi linavunjika taratibu, mbali, na anayejifunza anasimama kwenye maji ya kiunoni akilingoja. Siku za mwanzo utakaa kwenye povu tu, lile wimbi lililokwisha kuvunjika. Usione aibu. Kule mbele wanakokaa wenye ujuzi, utaenda mwalimu akikwambia.

Maji ni baridi lakini. Ziwa limekuzoesha nyuzi 25 hivi. Kule kiangazi ni kama 20, na miezi yao ya baridi, Juni hadi Agosti, yanashuka hadi 14 au 15. Utahitaji ile suti ya mpira inayobana mwili, na hiyo pia inakodishwa. Uliza kama bei ya somo inajumlisha ubao na suti, maana mara nyingi inajumlisha, na wewe ulikuwa umeviandika mara mbili.

Najua shangazi yako atakuuliza habari ya papa. Wapo kwenye ghuba ile, siwezi kukuficha. Lakini tangu 2004 kuna watu wanaokaa mlimani na darubini kutwa wakiangalia maji, na wanapandisha bendera. Kijani ni kwamba wanaona vizuri. Nyeusi ni kwamba hawaoni vizuri. Nyekundu ni tahadhari. Nyeupe yenye picha ya papa, pamoja na king'ora, maana yake toka majini, hata kama umelipia saa nzima na umebakiza dakika 50.

Mwezi: umeweka Desemba kwa sababu ya likizo. Desemba hata wao wako likizo, vitanda vinapanda bei, na upepo wa kusini-mashariki unavuma hadi unarusha mchanga usoni. Omba likizo yako Machi. Upepo unakuwa umeanza kupungua, maji bado hayajapoa, wenye watoto wamerudi shule. Ila angalia Pasaka imeangukia wapi mwaka huo. Na panga masomo asubuhi, kwa sababu upepo mara nyingi huamka mchana.

Kulala, chukua kitanda kwenye hosteli yenye jikoni, ya kutembea kwa miguu hadi ufukweni. Hapo ndipo pesa inaokolewa. Unga wa mahindi unauzwa madukani kote huko, ugali utasonga mwenyewe, na nilikufundisha. Treni ya kutoka mjini Cape Town kwenda upande wa Simon's Town inapita Muizenberg, na kituo kiko karibu kabisa na ufuo. Panda mchana, usiku usizunguke na simu mkononi. Kila bei ya huko izidishe kwa thamani ya randi, pesa yao, ya siku hiyo, na isizidishwe kwa tano kama ulivyofanya kwenye ukurasa wa pili. Bima ya safari ilipie, ila soma maandishi madogo uone kama inakubali michezo ya majini. Ule mstari uliouita "mengineyo" uvunje: dharura iwe peke yake na isiguswe, na kama haifiki, sogeza safari mwezi mmoja. Mikopo ya simu usiiguse kabisa kwa jambo hili.

Sababu ya tatu nimeisahau, itanijia nikishalala.

Kabla ya hayo yote, tafuta bwawa hapo Nakuru. Nataka uogelee bila kugusa chini na bila kupumzika hadi mwenye bwawa akuzoee. Ziwani nilikutoa mapema kwa ajili ya kichocho na viboko, sasa unalipia. Na kwenye chumba chako chora ubao kwa chaki sakafuni, lala kifudifudi, viganja kando ya mbavu, halafu simama kwa mkupuo mmoja bila kupiga goti. Rudia kila asubuhi. Jirani wa chini atalalamika, mwambie ni mazoezi.

Baba yako amesisitiza haya niyaandike jinsi alivyoyasema. Ukianguka, anguka ubavu au mgongo, usitangulize kichwa, na ukiibuka mikono iwe imefunika kichwa. Ubao usikae kati yako na wimbi. Kamba ya mguuni usiifungue. Ukikuta maji yanakuvuta kwenda kina, usishindane nayo kurudi moja kwa moja. Ogelea sambamba na ufuo hadi yakuachilie, na mkono juu ukiishiwa nguvu, waokoaji wakuone. Na mtu aliye karibu zaidi na pale wimbi linapoanza kuvunjika ndiye mwenye wimbi, wewe ngoja lako.

Niandikie bajeti upya kabla ya mwisho wa mwezi, mwalimu akiwa mstari wa kwanza baada ya nauli. Zamu yangu ya chama inafika Februari, na nikiridhika na hesabu nitakulipia siku mbili za masomo. Ya ubao sitoi hata senti. Baba yako naye anauliza kama hizo suti za mpira huwa zinafika mitumba ya soko la Kibuye. Nimemwambia atakuuliza mwenyewe.

Mama yako