Nataka kuachana na mbu

Mussa ndugu yangu,

Habari za siku? Mama Tausi na watoto hawajambo? Huku baridi ya kufa mtu, mengine tutaongea kwenye simu. Leo nina jambo moja: nataka kuachana na mbu.

Usicheke. Unakumbuka maombi yangu ya PhD yalivyojaa malaria: yule daktari Ronald Ross na milinganyo yake ya 1911, kwamba mbu wakishuka chini ya kiwango fulani ugonjwa unajifia, hata kama hawajaisha wote. Mpaka leo naipenda. Lakini hapa Marekani unaanza na masomo mchanganyiko na mitihani ya mchujo, msimamizi unamchagua baadaye. Nikaingia darasa la nadharia ya namba, nikanasa.

Hebu chukua karatasi. Pembetatu mraba ya 3, 4, 5 ina eneo la 6, hiyo kila mtu anaijua. Nitafutie yenye eneo la 5, pande zote namba nzima au sehemu. Ipo: 3/2, 20/3, 41/6. Kagua mwenyewe! Ya eneo la 1 haipo, Fermat alishathibitisha karne ya 17. Namba zipi zinawezekana na zipi haziwezekani? Jibu kamili linasubiri dhana ya Birch na Swinnerton-Dyer, kisio la hisabati ambalo bado halijathibitishwa, ile Taasisi ya Hisabati ya Clay iliyoiwekea zawadi ya dola milioni 1 mwaka 2000. Hela bado zipo. (Kwa kodi ya nyumba ya huku, wala nisingezikataa.)

Shida iko nyumbani. Ruhusa ya masomo nilipewa nirudi kufundisha modeli za magonjwa. Nikisema nimehamia kwenye pembetatu, si wataona nimechezea nafasi? Baba ndiyo kabisa, pale msikitini anatangaza mwanawe anatengeneza dawa ya malaria. Nimechoka kumsahihisha.

Barua rasmi sijaandika. Nakuomba umpime mkuu wa idara kwanza, kiutu uzima, bila kunitaja. Mvizie saa nne akiwa na chai na chapati yake, siyo siku ya kikao. Na Juma asijue, unamjua mwenyewe.

Hivi yule aliyerudi na fani nyingine walimfanyaje? Mshahara walimsimamishia? Aljebra anafundisha nani tangu Mzee astaafu, au ndiyo pengo langu hilo? Na wewe ungekuwa mimi ungehama? Nijibu kabla Machi haijaisha, fomu ya msimamizi inafungwa.

Wako,
Shabani