Wifi yangu, anza na ya mtama

Wifi yangu mpendwa,

Salamu kutoka Pasiansi, hapahapa Mwanza. Watoto hawajambo, wanakuamkia. Uliponikabidhi zile chupa za bia unazopika ulisema nisikupambe, nikueleze ukweli wote hata ukiuma. Nimeona niuandike hadharani, kwa ruhusa yako, maana kando ya ziwa hili wako wengine wanaopika bia kwa kiwango kidogo na wanahangaika na mambo yaleyale unayohangaika nayo wewe huko Luchelele. Miaka yangu ya maabara katika kiwanda kikubwa cha bia ilinizoesha kuonja kwanza, kuandika, kulala, kisha kuonja tena kabla ya kufungua mdomo. Za kwako nimezionja hivyohivyo.

Neno langu kubwa ni moja, nalitanguliza. Ile bia ya mtama ndiyo bia yako. Siku ile uliitoa mwisho, wageni wameshashiba zile nyingine, na uliitoa kwa kuomba radhi. Itoe ya kwanza, na usimwombe mtu radhi.

Lakini tuanze na ile nyepesi ya rangi ya dhahabu, kwa kuwa ndiyo unayoipenda na ndiyo iliyokugharimu zaidi. Kwa macho haina kasoro: inang'aa, povu ni jeupe na linakaa. Mdomoni inaingia laini kabisa, na ulaini huo nitakwambia unakotoka. Bia ya namna hii ilianzia Plzeň, kule Bohemia, mwaka 1842, mikononi mwa mpishi wa bia aitwaye Josef Groll, na sehemu kubwa ya sifa yake ni maji ya mji ule, ambayo hayana madini mengi. Ya kwetu nayo ni hivyo. Ziwa Victoria hupata maji yake mengi kutokana na mvua inayolinyeshea lenyewe, si kutokana na mito, kwa hiyo hayajapita kwenye miamba na udongo kiasi cha kubeba madini mengi. Ukishaondoa klorini ya bomba kwa chujio la mkaa, unabaki na maji ambayo wapishi wa miji mingine huyatafuta kwa mitambo ya bei mbaya. Hapo umebarikiwa, na umeitumia baraka hiyo vizuri.

Tatizo ni hopsi, yale maua makavu yanayoipa bia uchungu na harufu. Nilipoinusa mara ya pili, glasi ikiwa imeanza kupata joto, ilitoka harufu ya jibini lililokaa. Hiyo ni hopsi iliyochoka. Mmea ule unataka siku ndefu za kiangazi ili utoe maua, na sisi tuko karibu kabisa na ikweta, siku yetu ni ya saa kumi na mbili mwaka mzima. Kwa hiyo inatoka Ujerumani, Marekani, au maeneo ya George huko Afrika Kusini, na kila siku inayokaa bandarini au stoo kwenye joto, mafuta yake yanapotea na harufu hiyo inaongezeka. Inunue kidogokidogo, ikiwa kwenye mfuko usio na hewa, na ikifika iingie kwenye friza siku hiyohiyo. Na ukifungua mfuko ukanusa jibini, usiipike, hata kama iliuma mfukoni.

Kuna la pili juu ya bia hiyohiyo. Uliniambia uchungu haukutosha, ukaongeza hopsi, na sasa ina ukali wa majani mabichi kooni. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji huchemka karibu nyuzi 96, hayafiki 100. Uchungu wa hopsi hutolewa na joto na muda. Joto likipungua, ongeza muda, usiongeze hopsi. Mwongozo unaoufuata umeandikwa na mtu anayeishi karibu na usawa wa bahari, kwa hiyo saa moja yake kwako haitoshi. Chemsha kwa saa moja na robo, uone tofauti.

Na tafadhali, chupa zisianikwe juu ya mawe. Najua pale nje kwako yale mawe makubwa na ziwa nyuma yake yanafanya picha ipendeze. Lakini mwanga wa jua ukiifikia hopsi ndani ya chupa nyeupe au ya kijani, haichukui muda bia inaanza kunuka kicheche, na harufu hiyo haiondoki tena. Chupa moja kati ya ulizonipa ilikuwa hivyo. Tumia za kahawia, ziweke kivulini, picha upige na chupa tupu.

Ya ngano sina mengi ya kusema ila pongezi. Harufu ya ndizi mbivu na karafuu uliyoisikia hukuiweka wewe. Imetengenezwa na hamira yenyewe, na hamira ya aina ile hufurahia nyuzi 18 hadi 24, ambazo kwetu ni hali ya hewa ya kawaida. Bia ya laga, jamii ya ile ya Plzeň, inataka baridi ya nyuzi 8 hadi 14 kwa majuma kadhaa, yaani jokofu na bili ya umeme. Mwenye kiwanda kidogo Mwanza ana kila sababu ya kupika hii ya ngano na kuwaachia wakubwa laga yao. Nimeinywa na dagaa wa kukaanga na kachumbari yenye ndimu, nikatamani chupa ziwe nyingi.

Ile nyeusi ya kahawa imenipa shida, na nimeifikiria sana kwa sababu wazo lake ni zuri mno. Kahawa ya kwenu Kagera, robusta, ile ambayo wazee wenu wanaitafuna bado na maganda yake, ndani ya bia nyeusi iliyopikwa upande wa pili wa ziwa! Rangi ni sawa, povu lina krimu nzuri. Lakini ukishameza kunabaki ukali wa moshi na uchachu unaokwaruza, na watu watadhani ni kahawa. Mimi nadhani ni maji. Yaleyale maji laini yanayoipendezesha bia ya dhahabu yanaiumiza nyeusi, kwa kuwa kimea, yaani nafaka iliyooteshwa ikakaushwa, kikikaangwa sana kina asidi, na maji yasiyo na madini hayana cha kuituliza. Dublin na London zilipata sifa kwa bia nyeusi, na maji yao ni magumu. Jaribu kuweka bikabonati kidogo sana kwenye maji ya kupikia, ile inayouzwa dukani kwa ajili ya kuokea, tena uipime kwa mizani ya dhahabu, si kwa kijiko. Kahawa nayo usiichemshe pamoja na bia. Iloweke kwenye maji baridi usiku kucha, uichuje, uimimine mwishoni.

Sasa mtama, wifi.

Rangi ni nyekundu iliyoiva, ina ukungu kidogo. Povu lake ni dogo na linaondoka mapema, na mtama ndivyo ulivyo, usihangaike kulirekebisha. Puani unapata kwanza mkate unaotoka motoni, kisha kwa mbali uji uliochachuka, halafu tunda lenye uchachu, nimefikiria ukwaju. Ukinywa, uchachu unatangulia bila kukunja uso, utamu wa nafaka unafuata, na mwisho kunabaki ukakasi mdogo ulimini, ule wa mtama mwekundu ambao ndege hawaupendi shambani. Ukakasi huo ndio uliofanya niipende kuliko zote. Nilikuwa na sato wa kukaanga, mafuta yamejaa mdomoni, na kila funda la bia lilifagia ulimi ukawa tayari kwa tonge jingine. Kesho yake nilijaribu na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa kwa karanga, ikakubali tena. Ile ya dhahabu mbele ya chakula kile ilipotea kabisa.

Nataka ujue pia kwamba umefanya jambo gumu. Wanga wa shayiri hulegea kwenye nyuzi 60 na kitu, joto lilelile ambalo vimeng'enya vya kimea vinafanya kazi yake ya kuugeuza sukari. Mtama ni mkaidi. Wanga wake unataka nyuzi 70 na zaidi, na ukifika huko vimeng'enya vinaanza kufa. Anayefuata njia ya shayiri kwa mtama anapata sufuria ya wanga isiyo na utamu. Bibi zetu Usukumani walilimaliza suala hilo bila kipimajoto: uji unapikwa kwanza mpaka uive, unaachwa mvuke utulie, ndipo kimea kinaingia. Wewe umefuata njia yao, ukaongeza kipimajoto na usafi wa vyombo. Tena umeuacha uji uchachuke usiku mmoja kabla ya kuuchemsha, kwa hiyo uchachu umepatikana na vijidudu vyake vimekufa kwenye moto. Ndiyo maana chupa yako imekaa jikoni kwangu wiki na zaidi bila kubadilika, wakati pombe ya kilabuni hainyweki siku ya tatu.

Uliniambia unaogopa kuiita bia kwa kuwa hopsi ndani yake ni ya kuhesabu. Ile sheria ya Bavaria ya mwaka 1516 inayotajwa sana, iliyoruhusu shayiri, hopsi na maji tu, iliwekwa kwa ajili ya nafaka na soko la kwao. Haimhusu mtama wa Kwimba. Watu wa Plzeň walipika kilichokubaliana na maji yao na mashamba yao, na leo dunia nzima inawaiga. Kwa nini sisi tukae foleni ya kuwaiga wakati kilichokubaliana na maji yetu tunacho? Mtama unastahimili ukame wetu, unatoka Kwimba na Shinyanga, unafika Luchelele kwa nauli ya gunia. Hauhitaji kibali cha bandari wala dola.

Marekebisho ninayo mawili. Sufuria yako iliziba wakati wa kuchuja, kaka aliniambia mlihangaika mpaka usiku. Mtama ukipurwa haubaki na ganda la nje kama shayiri, kwa hiyo machicha yanashikamana. Changanya makapi ya mpunga, yaliyooshwa na kuchemshwa, bia itapita yenyewe. Kwa mashine za Magu na Misungwi utayapata karibu bure. La pili ni la usalama, na hili naomba kila anayesoma alishike: chipukizi na vijizizi vya mtama uliooteshwa vina kemikali inayoweza kutoa sianidi. Kimea kikishakauka kisuguliwe kwa mikono, kipepetwe vizuri, visibaki. Usinunue kimea ambacho hukuona kikipepetwa.

Halafu nina ombi la bia ambayo bado hujaipika. Kwenu rubisi hutengenezwa kwa ndizi zilizoivishwa, zinakamuliwa kwa nyasi ndani ya mtumbwi wa mti, maji yake yanachanganywa na unga wa mtama uliokaangwa, na kesho yake watu wanakaa kuinywa. Ndizi na mtama tayari walishaoana muda mrefu kabla yako wewe na kaka yangu. Una hamira ya ngano inayotoa harufu ya ndizi. Una mtama unaoujua. Weka maji ya ndizi halisi kwenye bia ya mtama, robo ya chombo kwa kuanzia, tumia hamira ile, tuone. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, malori ya ndizi hayalali tena yakisubiri kivuko, kwa hiyo utazipata zingali na nguvu. Chagua zile za kukamulia, wewe unazijua kuliko mimi, zile za kupika zitakuletea wanga mwingine.

Za dhahabu usiache kuzipika kama wateja wa hotelini wanaziulizia. Pesa ya kodi inatoka huko, naelewa. Ila kwenye ubao wako, mtama uwe mstari wa juu.

Nimeongea na mama. Amekubali kukuonyesha anavyootesha na kukausha kimea, maana cha kwake kina utamu ambao cha dukani sijakiona nao. Anasema uende Magu Jumamosi asubuhi na mapema, na gunia la mtama mwekundu wa mwaka huu, si wa mwaka jana, kwa kuwa mbegu iliyokaa haioti yote. Mpelekee na chupa mbili za ile ya mtama, za kahawia. Yeye ndiye atakayekuambia kama uchachu umezidi, na akisema umezidi, mwamini yeye kuliko mimi.

Wifi yako wa Pasiansi