Wanaofia ndani ya matangi: ulizeni nani alipima hewa

Mhariri,

Kila watu wanapofia ndani ya tangi, kisima au chemba ya majitaka, habari huandikwa kwa mtindo uleule. Wa kwanza aliingia akaanguka, wa pili akaingia kumwokoa naye akaanguka, wa tatu vivyo hivyo. Hufuata idadi ya miili, rambirambi, na sifa za ujasiri wa wale waliojitosa. Basi. Mimi ni msimamizi wa mafundi wanaofanya kazi kwa kamba, kwenye minara na mabomba ya moshi, na ndani ya matangi na maghala marefu ya nafaka. Naomba nafasi niseme kwamba habari hizo zinakatwa pale zilipopaswa kuanza.

Mtu wa pili hakupaswa kuingia. Sisemi hivyo kwa kuwavunjia heshima marehemu. Anayemwona mwenzake amelala chini hafikirii gesi, anamfikiria mwenzake. Mwaka 1986 NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, ilitoa tahadhari ikieleza kuwa zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa katika sehemu finyu za aina hii walikuwa watu walioingia kuokoa. Tahadhari hiyo ni ya zamani, na bado naisoma upya kila siku ya msiba kama huo. Kwa hiyo wa pili anapaswa kuzuiwa kabla wa kwanza hajakanyaga ngazi. Mwenzake akishaanguka, hakuna wa kumshika.

Kinachoua mara nyingi hakionekani wala hakinuki. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9; ikipungua chini ya 19.5 hatuingii. Tangi la chuma lililofungwa muda mrefu linaweza kuua hata kama halikuwahi kuwekwa sumu, maana kutu inapokula chuma hula na oksijeni. Watu hufungua kifuniko, wanaona pakavu, pasafi, wanashuka. Kwenye majitaka kuna haidrojeni salfaidi, yenye harufu ya yai viza. Ikifikia sehemu 100 katika milioni, pua hufa ganzi ndani ya dakika chache, na mtu hutangaza kwamba harufu imekwisha wakati gesi iko palepale. Kunusa si kupima. Na wanaoshusha mshumaa kujaribu hewa waache kabisa, kwa sababu penye methani, gesi inayowaka, huo ni mlipuko.

Kupima kwenyewe kunahitaji subira, na hapa ndipo ninapogombana na mafundi wangu kuliko mahali pengine popote. Mrija wa kipima gesi hushushwa mtu akiwa bado nje. Tunasoma oksijeni kwanza, kwa kuwa oksijeni ikiwa pungufu kipimo cha gesi za kuwaka nacho huweza kudanganya. Kisha gesi za kuwaka, kisha sumu. Tunapima juu, katikati na chini, kwani methani hupanda na haidrojeni salfaidi hulala chini. Kila kituo lazima usubiri, sababu hewa inasafiri mrija mzima kabla ya kufika kwenye kifaa. Mwenye haraka huusogeza mrija mapema, akasoma hewa ya juu akidhani ni ya chini, na namba inayotokea ni nzuri. Baada ya hapo kifaa hushuka na mtu, kifuani pake, na hubaki kimewashwa, maana tope likikorogwa kwa koleo huachia gesi iliyokuwa imelala humo.

Anayeshuka huvaa mkanda wa mwili mzima, na kamba hubaki imefungwa kwake muda wote. Ncha ya pili iko nje, kwenye winchi iliyosimamishwa kwa miguu mitatu juu ya tundu. Akizimia anavutwa, na hakuna anayemfuata. Njia hiyo hufaa penye mteremko wa wima. Penye kuta za ndani na kona kamba hunasa, na huko lazima timu ya uokoaji yenye mitungi ya hewa iwe imesimama tayari palepale. Anayekaa mlangoni ana kazi ya kuangalia, kuongea na aliye ndani na kuita msaada. Haingii, aone anachokiona. Huwa namwambia hivyo mbele ya wenzake wote, na yule anayeshuka akiwa anasikia, kwa sababu yeye ndiye anayepaswa kuridhia.

Juu ya minara ni vilevile. Utaratibu wa IRATA, chama cha kimataifa cha kazi za kamba, uliozaliwa Uingereza miaka ya 1980 kutokana na kazi za mitambo ya mafuta baharini, unadai kamba mbili, kila moja na mahali pake ilipofungwa, na msimamizi wa daraja la tatu, yaani la juu kabisa, kwenye kila kazi. Hata anayeanza hapewi cheti mpaka aoneshe kwamba anaweza kumshusha mwenzake aliyekwama. Aliyezimia akining'inia wima, damu hutuama miguuni na anaweza kufa akiwa bado kwenye mkanda. Kuwapigia zimamoto ni lazima, lakini huo si mpango wa uokoaji. Mpango ni watu waliopo hapohapo, na kamba zilizokwishafungwa.

Waajiri husema haya yanachelewesha kazi. Ni kweli, yanachelewesha. Kibarua anayegoma kushuka naye huambiwa wapo wengine nje wanaosubiri. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unataka mfanyakazi anayejiondoa kwenye hatari kubwa iliyo karibu, akiwa na sababu za msingi, asiadhibiwe. Mwaka 2022 shirika hilo liliweka mazingira salama na yenye afya ya kazi miongoni mwa haki za msingi. Kibarua mwenye koleo hayajui haya, na gazeti lako lingeweza kumfikishia.

Kwa hiyo, Mhariri, mwandishi wako akifika kwenye tukio kama hilo amwombe mwajiri kibali cha kuingia. Ni karatasi yenye saa, vipimo vya hewa, na sahihi ya aliyepima. Aulize kipima gesi kiko wapi na nani alikaa mlangoni. Aangalie kama winchi ipo, na kama bado imefungwa kwenye gari. Na kama kibali hakikuwepo, liandikwe hilo kwenye aya ya kwanza, pamoja na idadi ya miili.

Msimamizi wa mafundi wa kamba