Taarifa ya Mwenyekiti wa Chama cha Wazazi kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Waheshimiwa wazazi na walezi, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, assalamu alaykum, na wengine nyote hamjambo.

Shughuli za mwaka 2025 mnazijua, kwa hiyo nitazipitia upesi. Timu za kandanda na netiboli zilicheza mashindano ya kaunti ndogo, kwaya iliimba, skauti walipiga kambi, na klabu ya mazingira ilipanda mikoko Tudor, hapa Mombasa. Jezi mpya zilinunuliwa. Rangi yake haikumpendeza kila mtu, lakini zinavaliwa.

Sasa kuogelea. Nimesikia yanayosemwa, kwamba Mwenyekiti amezitia pesa zetu majini. Mzaha mzuri, hata mimi nimecheka. Ila leo naomba nisikilizwe mpaka mwisho.

Mkutano wa Machi uliitishwa ili wanachama wachague: fedha ziende kwenye masomo ya ziada ya Jumamosi au kwenye mafunzo ya kuogelea kwa Gredi ya 7 hadi ya 9. Wanachama ni 240 na akidi ni thuluthi. Walifika 19, na wawili kati yao walikuja kuulizia fomu za basari. Kamati ikachagua kuogelea, kwa mamlaka iliyopewa na katiba yetu. Wanaolalamika kwamba hawakushauriwa, viti vyao siku ile vilikuwa vitupu. Siku ya pilau ya kufunga mwaka, viti havikutosha.

Tulikuwa na sababu. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zinasema shule ya kutwa isomeshe kuanzia saa 2:00 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa, na kutoka hapo hadi saa 10:45 iwe michezo na klabu. Jumamosi haimo. Masomo ya likizo nayo yalipigwa marufuku na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, na faini yake yaweza kufika shilingi 100,000. Sikuchaguliwa ili nikiingize chama mahakamani.

Pili, sisi ni watu wa kisiwani. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ilizama Mtongwe na watu 272 wakafariki. Humu ukumbini wapo waliozika. Watoto wetu wanavuka Likoni kila asubuhi, lakini nilipouliza darasa la Gredi ya 8 nani anajua kuogelea, mikono iliyoinuliwa ilinitia aibu. Sidai kwamba masomo ya alasiri yangeliokoa abiria wa feri. Lakini Shirika la Afya Duniani linahimiza watoto wa umri wa shule wafundishwe kuogelea na kujihadhari na maji, kwa kuwa mwaka 2021 pekee takriban watu 300,000 walikufa maji duniani.

Nimeulizwa kwa nini tulipe kidimbwi cha hoteli na bahari ni ya bure. Anayeuliza hivyo hajasimama ufukweni wakati wa bamvua na watoto ishirini. Tofauti ya kujaa na kupwa kwetu hapa hupita mita 3, na mkondo haumngojei mwalimu apulize filimbi. Bei ya kidimbwi niliipunguza mimi mwenyewe, kwa kumwendea meneja mara kwa mara mpaka akachoka.

Kuhusu binti zetu, waliogelea Alhamisi, wavulana Jumatano. Mwalimu wao alikuwa mwanamke, mavazi ya stara, na hakuna mwanamume aliyeingia. Mimi Mwenyekiti nilibaki nje ya lango na mlinzi.

Wanaohofia alama nawaambia hivi: Sanaa Bunifu na Michezo ni somo linalotahiniwa. Katika matokeo ya Gredi ya 9, mtihani wenyewe ni asilimia 60. Asilimia 20 zinatoka Gredi ya 6, na 20 nyingine kwenye tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8. Waliojiunga na Gredi ya 10 Januari hii wamekuta Sanaa na Michezo ni mmoja wa mikondo mitatu ya masomo. Halafu kuna kijana mmoja, simtaji, aliyekuwa akitoroka hesabu kila Jumatano. Mwalimu wa darasa alipoweka sharti kwamba asiyehudhuria masomo haendi kidimbwini, utoro ukakoma. Tyusheni ilikuwa imemshindwa.

Hesabu: salio la mwanzo Sh 31,250, ada Sh 116,400, kuogelea Sh 84,500, jezi, nauli na mengineyo Sh 39,800, salio Sh 23,350. Waliofunzwa ni 46, na 34 kati yao sasa wanavuka mita 25 bila kushikwa.

Hizo ada ni za wanachama 97, kila mmoja Sh 1,200. Waliobaki ni 143. Baadhi yao ndio wenye maswali marefu zaidi kwenye kundi la WhatsApp, saa tano usiku. Kulipa kwa M-Pesa hakuchukui muda wa kuandika ujumbe mmoja wa namna hiyo.

Mwaka huu, inshallah, tunatarajia kuendelea na kuogelea, kuanzisha sataranji tukipata mfadhili, na kufikiria suala la basi.

Stakabadhi zote anazo Bi. Mweka Hazina. Anayetaka kuziona amwone baada ya kikao, akiwa na risiti yake ya ada mkononi.

Mwenyekiti