Maji hayaoshi chumvi, mdogo wangu

Mdogo wangu,

Wifi ameniambia. Usimgombeze, nilimbana mimi mpaka akasema. Presha yako ilipimwa ikakutwa 160 kwa 100, ikarudiwa wiki iliyofuata ikawa bado iko juu, na umeandikiwa vidonge vya aina mbili, kimoja kikiwa cha kutoa maji mwilini. Kisha akaniambia na tiba uliyojiandikia mwenyewe: kila ukiamka unashusha chupa mbili kubwa za maji mfululizo, tumbo likiwa tupu, eti unasafisha chumvi. Na mezani hujabadilisha kitu, ila chumvi nyeupe umeitupa ukanunua ya rangi ya waridi.

Nimekupigia, hupokei. Hujapokea simu yangu tangu tumzike mama. Kwa hiyo naandika hapa, kwa kuwa najua unapita na kusoma kila ninachoweka, hata kama hujawahi kuacha neno.

Acha hayo maji ya mkupuo. Naanza na hilo kwa sababu mengine yanaweza kusubiri. Figo za mtu mzima mwenye afya, zikijitahidi sana, hutoa takriban lita moja ya maji kwa saa. Ukizizidishia, yanayobaki yanaizimua damu. Sodiamu, yale madini yaliyomo kwenye chumvi, katika damu inatakiwa iwe kati ya milimoli 135 na 145 kwa lita. Ikishuka chini ya hapo maji huhamia ndani ya seli, seli zinavimba, na zile za ubongo hazina pa kupanukia maana fuvu ni mfupa. Huanza kichwa kuuma, kikafuata kichefuchefu, halafu mtu anachanganyikiwa, na ikizidi ni degedege na kupoteza fahamu. Katika mbio za marathoni za Boston za mwaka 2002 watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488 mwishoni mwa mbio, wakakuta asilimia 13 sodiamu yao imeshuka. Kilichowatofautisha zaidi na wenzao ni kwamba waliongezeka uzito njiani: walikunywa kuliko walivyopoteza. Na wale walikuwa watu wenye afya ya kukimbia kilomita 42. Wewe unameza dawa ya kutoa maji, na baadhi ya dawa hizo, hasa za kundi la thiazidi, zinaweza kuishusha sodiamu ya damu zenyewe hata bila chupa mbili juu yake.

Wifi anasema unaamka vizuri, ikifika saa nne asubuhi kichwa kinakugonga. Umemwambia daktari? Au umekata shauri mwenyewe kwamba ni presha tu? Na unakituliza kwa nini? Nakujua, wewe ni mtu wa vile vidonge vya kutia kwenye glasi vikachemka povu. Soma karatasi iliyomo ndani ya boksi. Povu lile hutokana na bikaboneti ya sodiamu, na kidonge kimoja cha namna hiyo cha kutuliza maumivu kinaweza kuwa na karibu miligramu 400 za sodiamu. Ukinywa vinne kwa siku umekaribia kumaliza kiasi cha siku nzima kabla hujagusa chakula. Viko vya kumeza vya kawaida vyenye dawa ileile. Mwulize mfamasia.

Sasa nisikilize kwa utulivu, maana hapa ndipo tulipokosania mimi na wewe, na sidhani kama ulinielewa hata siku moja.

Chumvi haioshwi kwa maji. Ukila chumvi nyingi, mwili hauwezi kuiacha damu ikiwa kali, kwa hiyo unaivutia maji. Ndiyo kiu ile. Unakunywa, na maji yanakaa pamoja na chumvi mpaka figo ziitoe kwa mwendo wake, saa nyingi, pengine siku kadhaa. Muda wote huo damu imejaa zaidi ndani ya mishipa ileile na moyo unasukuma mzigo mkubwa. Kwa kijana mwenye figo nzima hupita bila kujulikana. Kwa mwenye presha, namba inapanda. Kwa mama, ambaye moyo wake ulikuwa umeshindwa kusukuma, maji yalishuka miguuni na kuingia kwenye mapafu.

Wewe miguu ile uliiona mara moja, tena ikiwa imefunikwa shuka. Mimi niliibonyeza kwa kidole gumba kila asubuhi. Kidole kikitoka shimo linabaki, nami nasubiri nione linachukua muda gani kujifuta. Baada ya hapo mzani, halafu daftari. Daktari alituambia uzito ukiongezeka kilo mbili ndani ya siku tatu tusingoje, twende hospitali, kwa sababu kilo mbili za siku tatu si unene, ni maji. Usiku alilala ameegemezwa mito, maana akilala chali alihisi kama anazama.

Halafu kile kikombe.

Watu wamejaa sebuleni. Mimi niko mlangoni nimeshika sinia. Wewe unasimama, unakiinua kikombe cha mama, kile cha plastiki cha bluu chenye mstari wa wino niliouchora kwa mkono wangu, na unawaambia watu: "Hiki ndicho walichompimia mama yangu maji. Mama yangu amekufa na kiu." Ulisema "wao", na nyumba ile nilikuwa peke yangu. Shangazi akainamisha uso. Yule mzee jirani akakitazama kikombe kisha akanitazama mimi. Sikukujibu, kwa sababu ningefungua mdomo sinia lingeanguka.

Nimesubiri unirudie, hata faraghani, useme hasira ya msiba ilikuzidi. Hukurudi. Basi jibu ni hili, na wasome wote waliokuwepo.

Mama alipimiwa maji kwa amri ya daktari, kwa sababu alikuwa amevimba na sodiamu yake ilikuwa imeshuka, na inaposhuka hivyo kwa mgonjwa wa moyo mara nyingi ni kwa sababu maji yamezidi, wala si kwa sababu amekosa chumvi. Ndani ya mstari ule niliingiza kila kitu: chai, supu, hata maji ya kumezea dawa. Kiu yake niliijua kuliko mtu yeyote. Nilimpa vipande vya barafu anyonye taratibu. Nilimkatia limau aweke ulimini. Nilimsukutua kinywa mara kwa mara na kumpaka mafuta midomo isipasuke. Na chakula chake nilikikoleza kwa kitunguu saumu, tangawizi na ndimu, nikaonja mimi kwanza kila mara. Ulisema mbele za watu nilimlisha chakula cha kuta za hospitali. Yeye hakuwahi kusema hivyo. Alisema kina harufu nzuri.

Unakumbuka ulipoharisha ukiwa mdogo mpaka macho yakazama? Hukumbuki, mimi ndiye niliyekuwa nashika taa. Mama alichanganya lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya usawa, akakunywesha kwa kijiko usiku kucha. Sukari ile huibeba sodiamu kupita ukuta wa utumbo, na maji hufuata nyuma yake. Ndivyo mchanganyiko ule unavyookoa watoto. Ulilia unataka jagi zima. Alikunyima, kwa kuwa ukigida ungetapika yote. Alikupimia, mdogo wangu. Alikupimia kwa kijiko na hakuna aliyesimama sebuleni kumwita katili.

Miezi kadhaa baadaye ukanitumia kiungo cha utafiti, bila salamu wala jina langu. SODIUM-HF, wa mwaka 2022: wagonjwa 806 wa moyo katika nchi sita, kundi moja likielekezwa sodiamu isifike miligramu 1,500 kwa siku, jingine likiendelea na huduma ya kawaida, na mwishowe vifo na kulazwa havikutofautiana kwa kiasi cha kutegemewa. Ulidhani umenikamata. Nimeusoma wote. Lile kundi la kawaida nalo halikuwa likila ovyo, lilikuwa kwenye miligramu 2,100 hivi kwa siku. Na waliopunguza zaidi walisema wanajisikia nafuu kiasi. Kwa hiyo utafiti ule unasema kubana kupita kiasi hakukuongeza uhai kwa watu ambao tayari wanakula kwa kipimo. Hausemi mgonjwa aliyevimba aletewe kwa siri vidonge vya kukolezea mchuzi. Nilivikuta chini ya mto wake, mdogo wangu. Nilijua nani kavileta. Nilikaa kimya kwa sababu alikuwa amefurahi ulikuja.

Sisemi vidonge vile ndivyo vilivyomuua. Moyo wake ulikuwa umechoka miaka mingi. Ila usinibebeshe mimi kiu yake wakati wewe ulikuwa unamwongezea sababu ya kuisikia.

Haya. Turudi kwako, maana wewe bado upo na nataka uendelee kuwepo.

Chumvi ya waridi ni chumvi. Ya bahari ni chumvi. Karibu yote ni kloridi ya sodiamu, na yale madini mengine yanayoipa rangi ni machache mno kukusaidia. Ukinunua, tafuta iliyotiwa madini joto. Shirika la Afya Duniani, WHO, linataka mtu mzima asifikishe miligramu 2,000 za sodiamu kwa siku, yaani chini ya gramu tano za chumvi, kijiko cha chai ambacho hakijajaa. Wastani wa watu wazima duniani ni miligramu 4,310. Ukiona lebo imeandika sodiamu, zidisha mara mbili na nusu upate chumvi. Nawe usitazame kichupa cha mezani tu. Tazama mkate, jibini, soseji, supu za pakiti, tambi za dakika mbili na kachumbari za chupa. Kijiko kikubwa kimoja cha mchuzi wa soya kina karibu miligramu 900 za sodiamu. Maharage ya kopo mwage maji yake, yasuuze kwenye bomba, na sodiamu itapungua sana.

Usikate yote kwa siku moja, utarudi nyuma. Punguza kidogo kidogo. Ulimi hujizoeza ndani ya wiki chache, baada ya hapo chakula ulichokuwa ukikipenda utakiona kikali. Niliyaona kwa mama, nikayaona kwangu, maana nilikuwa nakula chungu kimoja naye.

Utasikia na habari ya chumvi iliyochanganywa na potasiamu. Ni habari ya kweli. China, katika vijiji 600, walifuatilia watu karibu 21,000, nusu ya vijiji vikitumia chumvi yenye robo ya kloridi ya potasiamu, na matokeo ya mwaka 2021 yalionyesha viharusi vimepungua kwa asilimia 14. Lakini usikimbilie kununua. Kama figo zako hazitoi potasiamu vizuri, au kama kile kidonge chako kingine ni miongoni mwa dawa za presha zinazoibakiza potasiamu mwilini, inaweza kupanda hadi kuvuruga mapigo ya moyo. Uliza kwanza.

Na maji, kunywa. Sikukatazi. Mstari wa mama ulikuwa wa mama, si wa kwako, isipokuwa daktari akuwekee. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya inakadiria lita 2.5 kwa siku kwa mwanamume, na humo mmehesabiwa chai, maziwa, matunda na maji yaliyomo ndani ya chakula. Gawanya kutwa nzima. Fuata kiu yako. Kwenye joto au ukiwa na kazi ya jasho ongeza. Mkojo ukiwa wa njano hafifu umetosha, ukiwa wa kahawia umechelewa, na ukiwa mweupe kama maji ya bomba siku nzima, pumzika kunywa.

Wiki hii rudi ukapimwe damu: sodiamu, potasiamu na kreatinini, ile taka ya damu inayoonyesha figo zinavyofanya kazi. Mweleze daktari habari ya chupa mbili za asubuhi na ya vidonge vya povu, usimfiche. Chukua na majina ya dawa zako zote mbili. Majibu yakitoka nipigie unisomee wewe mwenyewe, namba kwa namba. Usimtume wifi.

Dada yako