Barua kwa mwanangu, kutoka foleni ya Tunduma

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo. Niko Tunduma, foleni ya malori haijasogea tangu alfajiri na utingo wangu amelala. Basi acha nikuandikie lile nililolimeza Jumamosi.

Nilikuwa nimejilaza sebuleni, mnacheza PUBG chumbani, ule mchezo wa mtandaoni wa kupigana bunduki, wewe na mdogo wako wa kike na wale wawili mliopangiwa na mchezo ili mtimie wanne. Mwanzoni nilidhani mnagombana. Kumbe mko kazini! "230, nyuma ya ghala, wawili." Kisha kimya. Baadaye mdogo wako akanionyesha ile dira juu ya kioo: ukisema "yule pale" hakuna anayejua pale ni wapi, maana kila mtu ana kioo chake, ila namba ya dira wote mnaielewa. Hapo ulinikosha. Ndivyo utingo anavyonirudisha rivasi: "Njoo, njoo, kata kulia, hapo!" Akianza kupiga soga, nagonga ukuta. Na kwenu, naambiwa, mropokaji huwazibia wenzake hata mlio wa nyayo za adui.

Basi mdogo wako akawasha maiki. Maneno mawili tu, "naona gari", yule msiyemjua akacheka, akamwambia arudi jikoni akaoshe vyombo. Akaongeza na mengine ambayo siyaandiki. Nikasubiri sauti yako. Wewe unayepiga kelele adui akikohoa tu, siku hiyo ulipatwa na nini? Kitufe cha kumzima mtu sauti kipo, na cha kumripoti kipo. Aliyenionyesha ni mdogo wako, si wewe.

Tangu hapo binti anacheza bubu. Anabonyeza zile sentensi zilizowekwa tayari, anatia alama kwenye ramani. Zinasaidia, sikatai, hata wasioelewana lugha huchezea hivyo. Lakini alama haiwezi kusema "ngoja, usitoke, bado mmoja yuko ngazini". Na mama yenu ananiambia jana ulimfokea mdogo wako kwamba mlikufa mchezoni kwa sababu hakusema. Ulitaka asemee wapi?

Mwombe radhi, tena leo, si kwa meseji. Nikishusha mzigo Lusaka nitapiga simu, na nitaanza kuongea naye.

Msalimie mama. Naona lori la mbele limewashwa.

Baba yako