Msitulaumu wazazi, tafuteni hati za viwanja vya shule

Ndugu Mhariri,

Ile habari yenu ya mrundikano wa wanafunzi katika shule za msingi za Dar es Salaam, yenye picha ya watoto waliokaa sakafuni huku mwalimu akitafuta pa kukanyaga, nimeisoma, nikaiweka, nikaisoma tena. Gazeti lako nalisoma tangu ujana wangu na sijawahi kukuandikia. Safari hii nimeshindwa kunyamaza, kwa sababu mwandishi wako ameimalizia habari kwa maneno ya ofisa mmoja aliyesema chanzo cha yote ni Elimu Bila Ada ya 2016 na wazazi wa Dar tunaozaa bila mpango. Basi, habari ikaishia hapo. Hakuna aliyemuuliza swali la pili.

Mrundikano haukuanza 2016. Mimi ni mtoto wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe darasani ifikapo 1977, na sisi tukaingizwa kwa mkupuo, tukafundishwa na vijana waliomaliza darasa la saba, tukasoma kwa zamu chini ya miembe. Baadaye michango ikarudi, watoto wakapungua. Mwaka 2001 ada ikafutwa, 2002 ikaanza MMEM, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, watoto wakajaa tena. Ikaja 2016, hivyo hivyo. Mara zote tatu serikali ilifanya jambo jema na wazazi wakaitika, kama walivyotakiwa. Leo tunasemwa kwa kuitika. Jiji lenyewe lilikuwa na watu wapatao 273,000 mwaka 1967, na sensa ya 2022 imehesabu zaidi ya milioni 5.38. Hilo nalo ni kosa la mama wa Mbagala aliyeandikisha mtoto darasa la kwanza?

Ofisa huyo angefungua historia ya shule za jiji lake angeona tatizo liko ardhini. Dar ya mkoloni iligawanywa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na shule zikagawanywa vivyo hivyo. Oysterbay ilikuwa shule ya watoto wa Kizungu. Azania ilikuwa ya Wahindi, Tambaza ilikuwa ya Aga Khan. Baada ya Uhuru ubaguzi ule ukafutwa, na sheria ya 1969 ikaipa Serikali nguvu ya kutaifisha shule binafsi, watoto wetu wakaingia mle, na mpaka leo namshukuru Mwalimu kwa hilo. Lakini shule zile zilikuwa na ramani na mipaka kabla ya mtoto wa kwanza kubisha hodi. Za kwetu huku pembeni zilizaliwa kinyume. Wananchi walifyatua matofali, wakachanga, wakaezeka, Serikali ikaleta walimu, na kiwanja kikabaki cha maneno ya mdomo. Na halmashauri yenyewe haikutulia. Mwaka 1972 serikali za mitaa zikavunjwa, za mijini zikarudi 1978. Mwaka 1996 Halmashauri ya Jiji ikavunjwa, ikawekwa Tume ya kuliendesha Jiji. Mwaka 2000 zikaja manispaa tatu za Ilala, Kinondoni na Temeke, baadaye zikamegwa kupata Ubungo na Kigamboni, na 2021 Jiji likavunjwa tena, Ilala ikapewa jina la Jiji. Kila mara mafaili yalihama, na yanapohama mafaili, kuna yanayofika na kuna yasiyofika.

Nayasema haya nikiwa na ushahidi. Nimo kwenye kamati ya shule moja huku Mbagala, shule anayosoma mjukuu wangu, darasa la tatu. Likizo moja tulikuta mafundi wamefunga kamba kwenye uwanja wa mpira, wanachimba msingi. Mwenye mafundi alikuwa na barua ya toleo, ile ya kupewa kiwanja, muhuri upo, namba ya kiwanja ipo. Mwalimu mkuu akaenda kwenye kabati kutafuta karatasi za shule. Alichotoka nacho ni muhtasari wa kikao cha kijiji, karatasi ya daftari la mistari iliyogeuka rangi ya chai, imekunjwa mpaka mikunjo imetoboka. Umeandikwa kwa peni ya bluu kwamba wazee wamekubali kutoa eneo la shule, kuanzia mkorosho mkubwa mpaka mfereji, hatua kadhaa za mtu mzima, kisha yanafuata majina, na chini yake dole gumba la mzee mmoja asiyejua kuandika. Mkorosho ulishakatwa zamani. Mfereji umefukiwa, juu yake kuna vibanda vya chipsi. Tulipoipeleka karatasi ile ofisini tukaambiwa faili la shule liko ofisi nyingine. Ofisi nyingine ikasema eneo hilo lilikuwa chini ya mamlaka ya zamani, turudi tulikotoka. Tukapigwa danadana namna hiyo mpaka ukuta wa yule bwana ukafika usawa wa dirisha. Kijana mmoja wa ardhi, bila kuinua macho kwenye simu yake, akatuuliza, "Sasa nyie wazee mnataka nini, si shule bado ipo?" Shule ipo, ndiyo. Vyoo vimebanwa kwenye kona, na mwongozo unataka tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Tukipata fedha za kuongeza matundu, tutachimba wapi? Darasa linatakiwa liwe na watoto 45. Serikali ikileta fedha za madarasa kesho asubuhi, na imekuwa ikileta, nasi tunashukuru, yatajengwa juu ya nini? Watoto wanacheza mpira barabarani, kati ya bodaboda na bajaji, halafu gazeti linatuletea ofisa wa kutufundisha uzazi wa mpango!

Na nikiwa nimeshika kalamu, kuna hili la daladala, ambalo haliko mbali na hilo la kwanza. Shule ya jirani ikijaa, mtoto anapelekwa ya mbali. Wa zamu ya asubuhi anatoka nyumbani kukiwa giza, wa zamu ya mchana anarudi giza limeingia. Pale kituoni Rangi Tatu konda anasimama mlangoni na kunyoosha mkono, watu wazima pita, mwenye sare subiri. Anahesabu Sh200 ya mwanafunzi kama hasara. Nimemwona kwa macho yangu konda akimsukuma mtoto kifuani, mtoto mwenye begi kubwa kuliko mgongo wake, na abiria wote mle ndani kimya, wengine wao wazazi. Nikapiga kelele, dereva akaondoa gari. Mtoto anayefika saa tatu anachapwa kwa kuchelewa, na mwalimu anayechapa anajua fika sababu ya kuchelewa kwake. Hao ndio watoto wanaosemwa kwamba wanajazana.

Ninachoomba ni hiki. Kila shule ya msingi ya Serikali katika Dar es Salaam iwe na ubao langoni, chini ya jina la shule, unaosomeka na mtu aliye ng'ambo ya barabara. Uandikwe namba ya kiwanja, ukubwa wake kwa mita za mraba, mwaka wa hati, na idadi ya wanafunzi walioandikishwa mwaka huo. Shule isiyo na hati iandikwe wazi HAINA HATI, kwa rangi nyekundu, ili diwani akipita aone na mzazi akipita aone. Mipaka iwekewe nguzo za zege zilizopakwa rangi nyeupe. Kila Januari, wiki ya pili, darasa la sita watoke na futi kamba wapime mpaka wa shule yao kwa somo la hisabati, mwalimu akisimamia, mjumbe wa kamati akishuhudia. Wakikuta ukuta wa mtu umeingia ndani ya nguzo, waandike ni mita ngapi, nakala moja iende kwa mkuu wa wilaya na nakala moja ije kwako, Mhariri.

Kwa mwandishi wako nina ombi dogo zaidi. Arudi kwa ofisa yule yule, amuulize katika halmashauri yake shule ngapi za msingi zina hati ya kiwanja, na amwombe orodha yenye majina ya shule na namba za viwanja. Akipewa, ichapisheni ukurasa huo huo mlioweka picha ya watoto waliokaa chini. Akinyimwa, lichapisheni hilo pia.

Mjumbe wa Kamati ya Shule,
Mbagala, Dar es Salaam